Ua Lisilokanyagwa

Katika mji ule mwaka ulifungwa na ua. Mvua zilikuja zikaenda, miezi iliandama ikapotea, na watu hawakuihesabu. Walingoja kile kiua kichanue mteremkoni, hata kimoja tu, ndipo wakasema mwaka umefungwa. Hapo kila mmoja aliruhusiwa kuongeza umri. Wajane walivua kaniki zao. Waliochumbiana walioana, mimba zilizokomaa zilizaliwa, na wagonjwa walioambiwa kwamba hawatavuka mwaka walifumba macho bila ugomvi. Walikiita kifungamwaka. Ni ndugu wa kunde na choroko, kina maganda kama yao, ila ganda lake likikauka hujipinda na kupasuka kwa mlio wa vidole vikivunjwa, mbegu zikaruka kila upande. Jani lake limegawanyika kama kiganja kilichokunjuliwa, na kiganja hicho hulifuata jua tangu asubuhi hadi jioni kama mwombaji asiyekata tamaa. Ua lake lina samawati ya moshi wa kuni mbichi. Huchipua, huchanua, huzaa, hukauka, yote katika msimu mmoja, na hakuna kifungamwaka kilichowahi kukutana na kile kilichokizaa. Hata hivyo kila mwaka watu walisema, "Kimerudi," kana kwamba ni kile kile, kilikuwa safarini tu.

Mwaka ambao Mwantumu alichukua mimba, hakikurudi.

Mwanzoni watu walisema kimechelewa. Walilisema neno hilo mpaka likachakaa, likaisha ladha, wakaacha kulisema. Mimba ya Mwantumu ilikua ikafika pale mimba zinapofika, ikasimama. Mtoto alikuwa mzima: aligeuka, alipiga teke, alipata kwikwi. Ila hakushuka. Mtoto wa jirani, aliyekuwa mgongoni mwa mamake mwaka ule ulipoanza, alikuwa bado mgongoni na hajaota jino, lakini alikwisha kujifunza kusema, akawa anatoa maoni kuhusu mapishi ya mamake kutoka ndani ya mbeleko. Watoto waliong'oka meno walibaki na mapengo yao, wakayapa majina. Wachumba walichoka kutamaniana, wakaanza upya kutamaniana, wakachoka tena. Na hakuna aliyekufa. Hilo ndilo walilolirudia watu wakikutana kisimani, kwa furaha kwanza, baadaye kwa sauti ya mtu anayejikumbusha sababu ya kufurahi: hakuna aliyekufa.

Mwantumu alitembea. Hakuweza kukaa. Alitoka mlangoni hadi jikoni, jikoni hadi uani, akarudi, akagusa ukuta kama anayetaka kuhakikisha kwamba upo, akatoka tena. Akilala, miguu yake iliendelea kutembea chini ya shuka. Alikuwa mtu wa haya tangu utotoni, mtu wa kujibu kwa kuinamisha kichwa, na sasa aliona aibu hata kwa kutembea huko, kwa sababu mji mzima ulikuwa umetulia na yeye peke yake alikuwa akiyachakaza makanyagio.

"Wewe mke mwenzangu," Bi Semeni alimwita kutoka kitandani, "kaa chini. Unanitia kizunguzungu."

"Siwezi, Bibi. Nikikaa ananisukuma mbavu."

"Ana haki. Amepiga hodi kwa adabu, hajibiwi. Ningekuwa mimi ningevunja mlango."

"Usiseme hivyo."

"Mume wetu yuko wapi?"

"Ukutani."

"Ah, huyo! Wake wawili ndani, naye anakwenda kukumbatia mawe."

Bi Semeni alikuwa bibi yake, mzaa mama, na kwa utani wa bibi na mjukuu Pandu alikuwa mume wao wote wawili. Alikuwa mkunga. Nusu ya mji ilipita katika viganja vyake kabla ya kupita mahali pengine popote. Ugonjwa ulimlaza mwanzoni mwa mwaka ule, mganga akamgusa ubavu, akatoka nje na Mwantumu, akamwambia yale maneno: hatavuka mwaka. Na Bi Semeni hakuvuka mwaka, maana mwaka haukufika mahali pa kuvukia. Alibaki pale pale kitandani, mwembamba kama ufito, na maumivu yake yalibaki naye, hayaongezeki wala hayapungui.

Pandu alikuwa mwashi, na ukuta aliokuwa akiujenga ulikuwa wa Mwenye Mwaka.

Mji haukuwa na mfalme. Ulikuwa na Mwenye Mwaka, mtu aliyekabidhiwa mji kutoka ua moja hadi ua lifuatalo, kisha akarudi kwenye shamba lake kama watu wengine. Huyu wa sasa alikuwa mpole, mwenye sauti ndogo, aliyelia hadharani siku alipomwona mbuzi akitafuna kifungamwaka. Zamani, mawingu ya kwanza yalipotanda, mji mzima ulipanda mteremko ule pamoja na mbuzi wake kucheza ngoma ya kukanyaga. Waliogombana waliwekwa mbele, uso kwa uso, wakanyage chini kwa hasira zao zote mpaka mmoja acheke. Vumbi lilipanda, kwato ziliparua, watoto waliburuta makalio kwenye kokoto. Huyu mpole alisimama mbele yao akawauliza: "Ndivyo tunavyolishukuru ua linalotupa umri? Kilicho adimu hakikanyagwi." Watu waliona haya. Waliona kweli kwamba walikuwa wakilikanyaga jambo lao la pekee kama sakafu. Wakaiacha ngoma, wakafunga mbuzi, wakaleta mawe ya ukuta. Ndani ya ukuta walifagia kwa mafagio ya nyasi laini. Walipanga mawe bapa ya kukanyagia ili mguu usiguse udongo, na kila nyumba ikapewa zamu ya kuumwagilia mteremko kwa kata, taratibu, kama unavyomnywesha mgonjwa. Ardhi ile ilitunzwa kuliko mwana wa pekee, na haikuota kitu.

Je, mwaka ukisimama, ni nani anayesimama nao? Mwantumu aliuliza hivyo akitembea, na kwa kuwa alitembea, swali halikupata mahali pa kukaa. Jua linakwenda. Maji yanakwenda. Mimi nakwenda jikoni na kurudi. Labda mwaka haumo ndani ya jua wala maji, umo ndani ya ruhusa. Kama umo ndani ya ruhusa, basi mtoto wangu ni mtu anayengoja kuruhusiwa, na bibi yangu vilevile, na mimi ni mlango kati yao. Mlango hauna umri. Mlango hauzaliwi. Lakini mbona mlango unaumwa na kiuno?

Zamu yake ilikuja alfajiri moja yenye ukungu. Alipanda na ndoo na kata, akapita juu ya mawe bapa akimwaga maji kulia na kushoto. Wajawazito wa mji ule, kama wa miji mingine, walikuwa na hamu ya udongo, na Mwantumu alikwisha kula udongo wa kichuguu, wa kisimani, hata wa ukuta wa jikoni, asiridhike. Sasa harufu ya ule mteremko uliolowa ikamjia puani. Mate yakamjaa mdomoni. Alitazama huku na huku. Mgongo wa Pandu ulikuwa mbali, umeinamia mawe. Alipiga magoti juu ya jiwe, akachota udongo kidogo kwa ncha za vidole, akatia kinywani.

Ulikuwa baridi, una utamu wa chuma. Alifumba macho akatafuna. Kisha kitu kikalia baina ya magego yake, kah, akadhani jino limevunjika. Alitema kiganjani. Ilikuwa mbegu, ndogo, ya kijivu yenye madoa, ngumu kama changarawe, na ubavuni mwake ulipita ufa mwembamba mweupe. Alikuwa ameling'ata ua la mji! Aliifukia pale pale kando ya jiwe, pamoja na mate yake, haraka haraka, kama mtu anayefukia aibu, akateremka bila kumaliza maji ya ndoo.

Zamu ilipomrudia, alikwenda moja kwa moja mahali pale. Palikuwa na kichipukizi. Kiganja kidogo cha kijani, bado kimekunjwa ngumi.

Alikaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka usimame, alikaa chini. Mbegu zilikuwa zimejaa mle ndani, wakati wote ule, chini ya maji yote yale, kila moja imefunga mlango wake kwa ndani. Mji ulizibembeleza, nazo hazikuhitaji bembelezo. Zilingoja kuumizwa kidogo. Zilingoja kwato, kokoto, kisigino cha mtu mwenye hasira na jirani yake. Furaha ilimpanda hadi kooni. Halafu furaha ile ile ikageuka shingoni mwake ikawa kitanzi, kwa sababu lilimjia neno la mganga.

Hatavuka mwaka.

Hakumwambia mtu. Aliomba zamu za nyumba nyingine, wanawake wakampa kwa furaha. Nani anayekataa kupumzishwa? Kila alfajiri alikikuta kimeongeza jani. Kila alfajiri alirudi nyumbani akauangalia uso wa bibi yake, akauona haujaongeza kitu. Kimoja kinakua, alijisemea. Kimoja kinangoja. Kimoja kinapiga teke. Na mimi? Mimi ninakwenda na kurudi. Nikikimwagilia maji ninammwagilia bibi kaburi. Nikikiacha kife kwa kiu, ninamfungia mwanangu mlango, yeye aliye ndani na hana hata dirisha. Nani aliyenipa mimi kata hii? Mkono ulionipa kata uko wapi?

Mkono huo ulitokea asubuhi tumba la ua lilipovimba, rangi ya samawati ikionekana kwenye ncha. Mwantumu alikuwa amekiinamia, akikikinga kwa kivuli cha tumbo lake, aliposikia hatua nyepesi juu ya mawe bapa.

"Shikamoo, Mwenye Mwaka."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeinama hivyo? Tumbo?"

"Tumbo."

Lakini alikwisha kukiona. Akapiga magoti pale pale, yeye mwenye kanzu nyeupe, na machozi yakamtoka bila aibu. "Kimerudi," alinong'ona. Hakuwa akiigiza. Mwantumu aliyaona machozi yale karibu, akajua kwamba mtu huyu alikipenda kweli kiua kile, na hilo ndilo lililomtisha.

"Nani aliyekiotesha?"

"Mimi. Nilikiuma."

"Ulikiuma?"

"Kwa bahati mbaya. Nilikuwa nakula udongo."

Mwenye Mwaka alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechomwa na mwiba. "Sisi tunakifagilia kwa nyasi laini, na wewe unakitafuna." Alijifuta uso. "Unajua kikifunguka itakuwaje?"

"Najua."

"Bi Semeni ndiye aliyenipokea mimi duniani. Tangu nishike mwaka huu sijazika mtu hata mmoja. Nitajie mji mwingine ambao mwenyewe anaweza kusema hivyo."

"Hakuna," Mwantumu alisema.

"Basi?"

"Wala hujapokea mtu." Sauti yake ilikuwa ndogo mno hata akadhani amelisema moyoni tu. Lakini Mwenye Mwaka alilisikia, maana alitazama tumbo lake, kisha akatazama pembeni.

"Mimi siwezi kuking'oa," alisema hatimaye. "Nimekula kiapo nisikidhuru, na hata bila kiapo nisingeweza. Wewe hukuapa. Na aliyelala kitandani ni bibi yako, si wangu. Jua likivuka ukuta kitaanza kufunguka. Amua kabla ya hapo, mwanangu. Sitakulazimisha." Akaondoka akikanyaga juu ya mawe, asiguse udongo hata kwa kidole.

Hivyo ndivyo wanavyofanya, Mwantumu aliwaza akiwa amebaki peke yake, na kwa mara ya kwanza wazo lake lilikuwa na makali. Hawashiki kisu. Wanakiweka mezani, wanageuza uso, wanakwambia wewe ndiye unayempenda mgonjwa. Aliupeleka mkono wake kwenye shina. Lilikuwa jembamba kama uzi wa kushonea. Alivuta kidogo, kujaribu tu, na akahisi mizizi ikishikilia huko chini kwa vinundu vyake vyote, kama mtoto anayeng'ang'ania kanga ya mamake sokoni. Aliachia. Akashika ukingo wa ukuta, akateremka, nusu akikimbia, tumbo likimtangulia.

"Bibi. Kimechipua."

Bi Semeni alifungua jicho moja. "Kipi?"

"Unakijua."

"Una hakika si kunde?"

"Bibi!"

"Nauliza tu. Wakati wa nyanya yangu walishawahi kufunga mwaka kwa ua la kunde. Watu wakazeeka bure."

Mwantumu hakucheka. Alisimama katikati ya chumba, miguu yake safari hii imekosa pa kwenda. "Nikikiacha, utakufa. Na jua linapanda. Niambie nirudi niking'oe, nitakwenda sasa hivi. Niambie tu."

"Kwa hiyo mpole amekutuma kwangu, ili niseme mimi." Bi Semeni alivuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo. "Umewahi kusimama mlangoni na mzigo kichwani, unaaga, mwenyeji akakushika mkono akasema, kaa kidogo, kaa kidogo tu? Basi mimi nimesimama hapo mwaka mzima. Shingo inaniuma, mke mwenzangu."

"Kwa hiyo unataka kwenda."

"Nani kakwambia nataka? Sitaki!" Sauti yake ilipanda ghafla, nyembamba, ya msichana. "Naogopa kama mtu yeyote. Nilitaka nimpokee huyu kwanza. Nimepokea watoto wa watu wote, hata huyo mpole wenu. Alitoka kimya kabisa, nikamchapa makalio ndipo akalia. Ningejua, ningemchapa zaidi."

Hapo ndipo Mwantumu alipocheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikubwa, kisicho chake, kikamtikisa kuanzia mabegani hadi magotini, na kilipofika chini, maji ya moto yakamwagika miguuni mwake, yakalowesha mkeka.

Walitazamana.

"Bibi."

"Nimeona. Mwite mume wetu. Piga kelele, leo si siku ya haya."

Akapiga kelele. Sauti aliyokuwa ameikunja maisha yake yote ilitoka dirishani, na Pandu akaja mbio, chokaa ikiwa imemganda mpaka kwenye viwiko.

"Watu wamejaa mteremkoni," alisema akihema. "Kuna ua! Kimeanza kufungu..." Akaona mkeka.

"Nawa mikono," Bi Semeni aliamuru.

"Bibi, mwanamume haingii kwenye..."

"Ingia! Mwaka mzima umekuwa ukifunga njia kwa mawe. Leo utajifunza kufungua. Nisogeze ukingoni mwa kitanda. Hivyo. Sasa mshike mgongo. Taratibu, huo si ukuta, usiugonge!"

Kifungamwaka hakifunguki kwa mara moja. Kwanza petali kubwa ya juu hunyanyuka kama bendera, na hapo mwaka wa zamani huwa umekwisha, na Mwenye Mwaka si mwenyewe tena. Baadaye, umande ukikauka, mabawa mawili ya kando huachana, na hapo ndipo mwaka mpya huanza. Kipindi cha katikati, watu wa mji ule walikiita upenu, kwa sababu aliye upenuni hayumo ndani wala hayumo mvuani. Hakuna aliyewahi kujali upenu wa mwaka. Watu walikuwa wakicheza ngoma wakati ule, hawakuwa na haja nao.

Mwantumu aliuhisi. Uchungu ulimpeleka mbali akajikuta mahali ambapo sauti ya Pandu ilikuwa sauti ya baba yake, na mikono iliyokuwa ikimshika ilikuwa mikono yake mwenyewe akiwa bibi kizee, akimpokea mtu, na mtu huyo alikuwa yeye. Aliona vifungamwaka vyote vilivyowahi kuwapo vimesimama mteremkoni kwa pamoja, na kila kimoja kikauliza kingine, Je, ni wewe? na kila kimoja kikajibu, Sijui, lakini nipishe. Hapakuwa na ruhusa pale. Hapakuwa na wa kuitoa. Akasukuma.

"Kichwa," Pandu alisema, akayumba.

"Usizimie! Nipe mikono yangu, Pandu, mizito hii, ninyanyulie. Iweke hapo. Hapo hapo." Na mikono ile, iliyokuwa haijaweza kushika hata kikombe, ilifunguka chini ya mtoto kama vile haikuwahi kuugua. Alikuwa msichana. Hakungoja kuchapwa, alilia kabla hajatoka mzima, kwa hasira ya mtu aliyecheleweshwa.

"Sikia matusi yake," Bi Semeni alisema. Alikuwa akilia na kucheka. Pandu alimlaza mtoto kifuani pa bibi, kitovu bado kikiwaunganisha mama na mwana, na watu wanne hao wakawa kamba moja iliyofungwa kwenye fundo la jasho na damu. "Karibu, mwanangu. Karibu ndani. Utaniwia radhi, sikai sana."

"Kaa kidogo, Bibi," Mwantumu alinong'ona, kisha akajisikia alichosema. Akauma mdomo. Akanyoosha mkono akamgusa bibi yake shavuni. "Haya," alisema. "Haya, Bibi. Shingo isikuume."

Jua liliingia dirishani, likapanda mkekani, likafika kitandani. Mbali mteremkoni mabawa ya ua yaliachana, kelele zikalipuka, na juu ya kelele zote ilisikika sauti moja ndogo ikitangaza kwamba mwaka umefungwa. Ilikuwa sauti ya yule mpole, ikipasuka katikati kama ya kijana anayebalehe. Baada yake ulikuja mshindo wa miguu, mji mzima ukikanyaga chini.

Pandu alisubiri kifua cha Bi Semeni kipande tena, hakikupanda, kisha akainama amchukue mtoto ampe mama yake. Hakuweza. Vidole vilikuwa vimeshikana, vya bibi na vya mtoto, vimekaza. Akavifungua kimoja kimoja, taratibu, kwa mikono yake yenye chokaa, na hadi leo ukimuuliza hawezi kukwambia ni nani kati yao aliyekuwa amemshika mwenzake.